Tairi la Kompyuta Halina Kipara

Mwanafunzi wa udereva aketipo katika mtambo wa kuigiza uendeshaji hukata kona, akafunga breki, na gari likamtii. Je, utii huo watoka wapi? Aghalabu watoka katika hesabu ya Hans Pacejka wa Uholanzi na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1987 na kujulikana baadaye kama Fomula ya Mazingaombwe.

Jina hilo si mzaha mtupu. Fomula haielezi kwa nini mpira hushika lami. Huchukua vipimo vya tairi lililojaribiwa, ikavichorea mkondo. Kadiri tairi linavyoelekea kando ya njia lipitayo, mshiko huongezeka, hufika kileleni, kisha hupungua. Hapo ndipo gari huserereka.

Kwa hivyo, msomaji, hesabu hii hulijua tairi lililopimwa tu. Tairi kipara, lenye upepo haba, juu ya udongo mwekundu uliolowa mvua, ni nadra kuingia katika vipimo hivyo. Nalo ndilo linalobeba abiria wetu. Atakayetaka kumpa mtu leseni kwa alama za mtambo na atuambie kwanza ni tairi gani lililopimwa, na katika barabara ipi.