'Uigaji' si kukopi: istilahi ya wasanifu majengo

Majuzi msomaji mmoja wa Bangale, Kaunti ya Tana River, aliniuliza: "Profesa, wasomi huandaaje kongamano zima kuhusu kuiga majengo? Kwani kuiga si kukopi kazi ya mwenzako?"

Swali hilo lina uzito. Wataalamu wa utendakazi wa majengo walianza makongamano yao mwaka 1985 mjini Seattle, Marekani. Lile la SimAUD, linalohusu usanifu majengo na mipango miji, lilianza 2010. Wanachojadili humo si kunakili. Mtaalamu huunda jengo ndani ya kompyuta, akaingiza takwimu za jua, upepo na vifaa vya ujenzi, kisha akatazama joto litakavyopanda na kushuka humo mwaka mzima, hata kabla ya msingi kuchimbwa.

Hebu tutenganishe maneno matatu. 'Kielelezo' ni jengo lile la ndani ya kompyuta. 'Uigaji' ni kitendo cha kulifanya lienende kama jengo halisi. 'Uigizaji' nao unatokana na 'igiza', kitenzi chenye kiambishi cha usababishi -iz-. Kisarufi ungefaa, kwa kuwa mtaalamu huifanya kompyuta iige. Lakini lugha ni mazoea: ukisema 'uigizaji wa nyumba', msikilizaji atawaza tamthilia. Ndiyo maana napendekeza 'uigaji wa kikompyuta'. Kivumishi hicho huondoa dhana ya kukopi.

Je, haya yanamhusu nini mkazi wa Bangale? Yanamhusu sana. Kompyuta hujibu kulingana na ilicholishwa. Madirisha hufunguliwa saa ngapi? Upepo wa jioni huvuma kutoka wapi? Watu hulala ndani au uani? Majibu anayo mwenyeji, anayejua tofauti ya kushinda chini ya mabati na kushinda katika nyumba ya Waorma ya fito na nyasi. Akiulizwa kwa istilahi asizozielewa, ataitikia tu kwa heshima, darasa lijengwe, na watoto wasomee ndani ya tanuri.

Shirika la UN-Habitat, lenye makao yake Nairobi, limechapisha kitabu cha usanifu wa majengo ya nchi za joto, tena kwa kulenga Afrika Mashariki. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Wasanifu wetu wakirudi kutoka makongamanoni, basi, watueleze walichokiona kwa lugha ambayo mwenye nyumba anaweza kuwabishia.