Land Rover ya mzee: anza na chasisi, rangi iwe mwisho

Ami yangu ana Land Rover Series III, ile fupi, aliyokuwa akibebea nazi na magunia ya mahindi. Ilipozima, ilisukumwa hadi chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, ikakaa hapo miaka tisa. Mwaka juzi wanunuzi wa vyuma chakavu wakaanza kuja kuipigia bei. Sisi watoto wa nduguze tukasema haiuzwi. Tukachanga pesa, tukatafuta fundi, na kazi ya kwanza tuliyompa ilikuwa kupiga rangi.

Ilipendeza, mashallah. Watu wakawa wanasimama kupiga nayo picha. Miezi minne baadaye tukataka kufungua breki za nyuma. Binamu yangu akaweka jeki chini ya chasisi, akaanza kupampu. Jeki ikapanda, gari ikabaki pale pale. Chuma kilikuwa kimeoza, na jeki ilipenya ndani kama kidole kwenye papai lililoiva. Mdogo wake alikuwa ameshaingiza miguu chini ya gari. Alhamdulillahi, hakuumia.

Gari kama hizi ziko nyuma ya nyumba nyingi hapa Pwani, na wenyewe wanatamani kuzifufua. Kabla hujatoa hata shilingi moja, elewa kwanza zinavyooza.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, kwa hivyo kampuni ya Rover ikaunda bodi kwa alumini. Chasisi, yaani fremu inayobeba gari nzima, ikabaki ya chuma. Ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva nao ni wa chuma. Mpango huo uliendelea hata kwenye Series III, iliyokoma mwaka 1985. Alumini haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana bodi huonekana nzima hata baada ya miaka hamsini. Hapo ndipo tunapodanganyika.

Chasisi yenyewe ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope, mchanga na unyevu wa chumvi huingia kwenye matundu yake na kukaa humo. Kutu huanza ndani ikielekea nje. Unapoiona kwa macho, imeshakula sana.

Kuna adui wa pili. Alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, hutokea umeme mdogo, kama ndani ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kuzunguka bolti na rangi imefura, ni hiyo.

Kuipima hakuhitaji mashine. Chukua nyundo ndogo, bisibisi na tochi. Gonga chasisi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Palipo butu, sukuma bisibisi kwa nguvu. Zingatia boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, mahali springi zinapofungwa, na sakafu ya miguu ya dereva na abiria. Bisibisi ikipenya sehemu moja mbili, bamba linaweza kukatwa na kuwekwa jipya. Ikipenya kila mahali, unahitaji chasisi nyingine, na hesabu yako ibadilike mapema.

Kazi nyingi unaweza kuzifanya nyumbani na vijana wako: kufungua bodi, kukwangua kutu kwa brashi ya waya, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kusafisha kabureta, kubadilisha waya zilizoliwa na panya. Bodi imefungwa kwa bolti, na spana za kawaida zinatosha. Kuchomelea chasisi mwachie fundi anayeijua kazi hiyo, na umwambie akate chuma kibovu mpaka afike kwenye kizima. Bamba jipya likibandikwa juu ya kutu, limefunika kidonda tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kabla ya moto wowote, ondoa betri na tangi la petroli. Kwenye Land Rover fupi, tangi liko chini ya viti vya mbele. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo mapana, kamwe si mawe ya matumbawe, kwani hupasuka. Vumbi la breki za zamani usilipulize, huenda lina asbesto. Lilowanishe kisha ulifute. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa, na gari iliyolala miaka mingi Pwani yabadilishwe yote.

Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe na imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi asiikate wala kuisaga. Ukilazimika kubadilisha chasisi, uliza NTSA kwanza, usije ukawa na gari nzuri isiyoweza kuingia barabarani.

Mpangilio wa pesa basi uwe hivi: chasisi, breki na usukani, waya na tangi, injini, halafu bodi na rangi. Unapofunga tena, tenganisha alumini na chuma kwa vipande vya mpira au plastiki, na matundu ya kutolea maji chini ya chasisi yaache wazi.

Gari ikishatembea, ioshe kwa chini kila inapokanyaga ufuo. Ioshe kwa maji matamu. Visima vingi vya huku vina chumvi, na ukiioshea maji hayo unaiongezea ugonjwa.

Yetu ilivuliwa bodi yote. Boriti ya nyuma na mikono mitano ilikatwa, vikawekwa vyuma vipya, na ile rangi nzuri ikaungua nusu. Gharama ya kuchomelea ilikuwa karibu sawa na tuliyolipa rangi. Ijumaa iliyopita ami aliiendesha mwenyewe hadi msikitini, ina mabaka kijani na kijivu. Tulimuuliza kama tuchange tena tuipige rangi. Akasema tungoje mvua za masika zipite kwanza, aone chuma kimeshika vipi.