Mlinda Pori Aliyekuwa Mwizi: Mhusika na Deni la Jana

Katika makala hii nakusudia kumjadili mhusika mmoja wa fantasia ambaye wahakiki humpita bila hata salamu: mlinda pori, nusu mtu nusu elfi, aliyewahi kuwa mhalifu. Kwa asiyewajua, elfi ni viumbe mfano wa watu, ambao kwa Tolkien hawafi kwa uzee. Swali langu ni moja: je, jana ya uhalifu inamjenga mhusika huyu, au inampamba tu?

Mzizi wake uko katika The Lord of the Rings (1954–55) ya Tolkien. Humo Aragorn, mlinda pori, anakaa pembeni katika nyumba ya wageni ya Bree, na wenyeji wanamtilia shaka kama mzururaji. Lakini chini ya vumbi lile yupo mfalme, wa uzao wa Elros, nusu elfi aliyechagua kufa kama watu ilhali nduguye Elrond alichagua uelfi. Tolkien ametupa sura ya mhalifu bila uhalifu wenyewe.

Mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji huketi mezani wakabuni hadithi kwa mdomo, ulimchukua mlinda pori huyo ukamwekea sheria. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliwaruhusu watu na nusu elfi peke yao kuwa walinda pori, tena sharti wawe wema. Akiupa wema kisogo, basi, anavuliwa uwezo wake, anabaki mpiganaji wa kawaida. Toleo la 2000 likaondoa sharti hilo. La 2014 likaenda mbali zaidi: mchezaji aliweza kumpa mhusika historia ya uhalifu, nayo ikamletea faida. Alijua kunyata, kulaghai na kutumia vifaa vya kufungulia makufuli.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia. Dhambi ikigeuka mtaji, mhusika anabaki bapa hata akipewa machozi. Eti aliiba, akatubu, akapata upinde! Mgogoro uko wapi hapo, jamani?

Hata hivyo, toleo hilohilo lilikuwa na mbegu nzuri. Lilimpa mhalifu mtu mmoja wa kumuunganisha na mtandao wa wahalifu. Mtu huyo anamfahamu, ana siri zake, anaweza kuja kudai. Tena tazama ujuzi wenyewe: kufuata nyayo na kuficha nyayo ni elimu moja. Njia ya panya anayoilinda leo, aliijua kwa kupitisha mali ya wizi. Msimulizi hodari atamtuma akamkamate mwenzake wa zamani kwenye njia hiyohiyo. Akimkamata, amemsaliti aliyemficha. Akimwachia, ameisaliti kazi yake. Sasa hapo mhusika anaanza kuwa duara.

Jambo la mwisho. Uchotara wake hakuuchagua, wizi aliuchagua. Mwandishi anayeifanya damu mchanganyiko kuwa chanzo cha wizi anamwonea mhusika wake, na anamfundisha msomaji ubaguzi kimyakimya. Mhakiki asilinyamazie hilo, hata kama hadithi ni ya viumbe ambao hawapo.