Mapafu hayanenepi

Wasomaji wanaendelea kuuliza: je, ni kweli mnene akishindwa kupumua ghafla ana nafasi nzuri ya kupona kuliko mwembamba? Na eti kisukari kinakinga mapafu?

Uvumi huu una mzizi. Ugonjwa wenyewe madaktari huuita ARDS: nimonia kali au sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi) huvuruga mapafu, vifuko vya hewa vikajaa majimaji, oksijeni ikakosa njia. Tafiti kadhaa zimeona wanene wakiupata zaidi, ila wakishaupata hufa wachache kidogo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba kati ya wagonjwa wenye mshtuko wa sepsisi, ARDS iliwapata 25% ya wenye kisukari na 47% ya wasio nacho.

Kuita hiyo kinga ni kupotosha watu. Utafiti wa LUNG SAFE, uliofanyika katika nchi 50 na kuchapishwa 2016, ulikuta karibu wagonjwa wanne kati ya kumi wakifia hospitalini, na takwimu zake zilipochambuliwa upya, kisukari hakikuonekana kuokoa yeyote. Ikaja Korona, unene uliokithiri na kisukari vyote vikaandamana na vifo zaidi. Tena kitambi husukuma kiwambo juu, sehemu ya chini ya pafu husinyaa, na kwenye eksirei huonekana kama ugonjwa. Huenda baadhi ya wanene waliohesabiwa kuwa wamepona walikuwa na mapafu yaliyobanwa tu.

Linalonishangaza mimi ni kwamba mapafu hayanenepi. Mwanamume wa sentimita 170, awe na kilo 60 au 120, mapafu yake ni yaleyale. Ndiyo maana muuguzi wa chumba cha mahututi humnyoosha mgonjwa chali na kumpima kwa futi kamba, utosini hadi kisiginoni. Kimo hicho hutolewa 152.4, kinachobaki huzidishwa kwa 0.91, kisha hujumlishwa 50: kilo 66. Kwa kila kilo, mashine ya kupumulia husukuma mililita 6 za hewa, karibu 400 kwa pumzi moja. Ukifuata mzani, mwenye kilo 120 atasukumiwa 720, na hewa yote hiyo itakimbilia kipande kidogo cha pafu kilicho wazi bado, kile ambacho daktari Gattinoni wa Italia alikifananisha na pafu la mtoto mdogo. Kuta zake huchanika. Katika jaribio la wagonjwa 861, kushusha pumzi kutoka mililita 12 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito huo wa kimo kulipunguza vifo kutoka 39.8% hadi 31%.

Halafu, kwa uvumi huohuo wa kisukari, anatokea mtu na unga wake wa dawa kwenye chupa, anamwambia mgonjwa wa sukari aache insulini. Huyo anaua. Kujifukiza nako hakukaushi majimaji ya vifukoni. Kunaunguza uso na kumchelewesha mgonjwa.

Ukihema mbio, ukashindwa kumaliza sentensi, midomo ikageuka rangi, nenda hospitali saa hiyohiyo, na utaje sukari yako na dawa zote unazotumia.