Kishikwambi chasema Kiingereza, nyumbani ni Kiswahili

LONDON

Kijana mmoja wa miaka 19 ninayemfahamu, hapa mashariki mwa London, hasemi kwa kinywa isipokuwa maneno matatu manne. Mengine yote huyasema kwa kidole. Hugusa picha kwenye kishikwambi chake, ya mtu, ya kikombe, ya sukari, na chombo kikatamka kwa sauti ya kiume, Kiingereza safi, kwamba anataka chai ya sukari. Bibi yake, aliyekuja kutoka Unguja kumsaidia binti yake kulea, hushituka kila mara. Chai anaijua, mjukuu anamjua, lugha ile haijui. Humgeukia mama wa kijana na kuuliza: "Kasemaje?"

Kijana huyo ana usonji, ambao wengine, hasa wa mwambao, huuita tawahudi. Hauambukizi, hautokani na malezi mabaya, wala si kazi ya majini kama baadhi ya jamaa zetu wanavyoendelea kunong'ona. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Mtu huzaliwa nayo na huzeeka nayo. Hili la kuzeeka nayo ndilo husahaulika. Sisi waandishi tunapenda kuandika habari za watoto wenye usonji, kana kwamba wakitimiza miaka 18 wanayeyuka.

Kabla ya mwaka 2009, mtu asiyesema aliyetaka chombo cha kumsemea alihitaji mashine maalumu, nzito, iliyouzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 2009 kampuni ya AssistiveWare ya Amsterdam ilitoa programu iitwayo Proloquo2Go kwa ajili ya iPhone na iPod touch. Mwaka uliofuata Apple ikaanza kuuza iPad, Aprili huko Marekani na Mei hapa Uingereza, na programu ile ikapata kioo kipana kinachomfaa mtu ambaye kidole chake hakilengi sawasawa. Bei yake wakati huo ilikuwa karibu dola 190, mbali na kifaa chenyewe. Si rahisi, lakini si maelfu. Na kulikuwa na faida nyingine isiyoandikwa kwenye boksi: kijana aliyebeba kishikwambi ndani ya basi alifanana na abiria wengine wote.

Kusema si kazi yake pekee. Ratiba ya siku huwekwa kwa picha, ili mtu ajue baada ya kuoga kinafuata nini, maana jambo la ghafla huwatesa wengi wenye usonji. Tangu mwaka 2012 iPad inaweza kufungwa ibaki kwenye programu moja tu, mtu asiteleze kwenda kwenye katuni wakati wa somo. Halafu kuna video. Kijana ninayemsimulia alijifunza kutumia mashine ya kufulia kwa video fupi aliyoipiga kaka yake jikoni kwao. Haikuwa mashine ya kwenye kitabu, ilikuwa ile ile yao, vitufe vile vile, hata na ule mlango unaohitaji kupigwa goti ndipo ufunge. Aliitazama, akairudia, akaisimamisha, akafua. Njia hii ya kufundisha kwa video imefanyiwa utafiti wa kutosha na inakubalika miongoni mwa wataalamu.

Wazazi wengi wa kwetu huogopa kwamba mtoto akizoea kifaa hatasema tena. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ushahidi hauiungi mkono. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006, yaliyotazama watu wenye ulemavu wa ukuaji, yaliwachambua 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara zaidi: hakuna hata mmoja ambaye usemaji wake ulipungua, na wengi waliongeza. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na mtaalamu Connie Kasari wa Los Angeles ilitoa matokeo ya watoto 61 wenye usonji waliosema kidogo sana. Wale waliopewa chombo cha kusemea tangu mwanzo walisonga mbele zaidi. Watu wazima hawajachunguzwa kwa kiwango hicho, na hilo nalo linasema kitu.

Turudi kwa bibi. Je, kwa nini chombo kile kisiseme Kiswahili? Programu hizi kubwa zimejengwa kwa lugha chache za Ulaya, na kuzihamishia kwetu si kazi ya kubadili neno kwa neno. Kwa Kiingereza neno moja la kumiliki hutosha kwa kikombe, chai, viatu na mtoto. Kwetu ni kikombe changu, chai yangu, viatu vyangu, mtoto wangu. Kitufe kimoja kinazaa vinne, na bado hujafika mbali. Kitenzi ndicho balaa zaidi. Nataka, sitaki, nilitaka, hataki, wananitaka: Mwingereza huyapanga maneno yake kama vyombo kabatini, kila kimoja na mahali pake, sisi huyabana yote ndani ya neno moja.

Kwa hiyo familia inayojaribu kutengeneza ukurasa wa Kiswahili hujikuta njia panda. Ikiweka vipande, "mimi", "taka", "chai", kijana atasikia siku nzima Kiswahili ambacho hakuna mtu anakisema. Ikiweka sentensi nzima kwenye kitufe kimoja, "Nataka chai", lugha itakuwa sahihi, lakini hataweza kusema jambo ambalo hakuwekewa na mtu mwingine. Maoni yangu ni kuanza na sentensi nzima kwa mambo ya dharura, na kuhakikisha za kukataa ni nyingi kama za kuomba. Sitaki. Basi. Niache kwanza. Nilikuja nchi hii mtu mzima, na digrii mkononi, na bado nakumbuka nilivyokubali mambo kwa sababu tu sikupata neno la kuyakataa.

Sauti haisumbui sana siku hizi. Microsoft ina sauti za kompyuta za Kiswahili, za Kenya na za Tanzania, za kike na za kiume, ingawa haziingii kwenye kila programu. Programu nyingi pia huruhusu kurekodi. Lakini mama asirekodi. Kijana wa miaka 19 anayezungumza kwa sauti ya mama yake huchekwa. Atafutwe binamu wa rika lake.

Kwa walioko nyumbani, ambako neno kishikwambi lilienea wakati wa sensa ya Tanzania ya Agosti 2022, si lazima iwe iPad. Programu ya Cboard, iliyowahi kusaidiwa na mfuko wa ubunifu wa UNICEF, hufanya kazi kwenye simu ya Android. Waweza kuweka picha ya sufuria yako mwenyewe na kurekodi neno lako.

Angalizo moja, ndugu msomaji. Wapo wanaouza mafunzo ambapo msaidizi humshika mtu mkono au humshikia ubao ili "aandike". Chama cha wataalamu wa usemi na usikivu wa Marekani, ASHA, kilitoa msimamo mwaka 2018 kuzikataa njia hizo, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba maneno yanayotoka ni ya mtu mwenyewe. Kidole kiwe cha mwenyewe.

Kuna na suala la maneno yenyewe. Nilipoangalia kurasa za kijana huyu niliona wanyama wa porini, nyimbo za chekechea na rangi kumi na moja. Sikuona kinyozi, mshahara, wala maneno ya sehemu za siri za mwili. Hapakuwa na "usiniguse". Mtu asiye na neno hilo akidhulumiwa hawezi kushitaki.

Hapa England, sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014 inaruhusu mpango wa elimu, afya na matunzo kuendelea hadi miaka 25, mradi kijana yuko masomoni au mafunzoni. Akitoka, mpango hukoma. Ripoti ya Buckland iliyotolewa Februari 2024 ilisema ni takriban watu watatu tu kati ya kumi wenye usonji, wa umri wa kufanya kazi, walio na ajira.

Kijana wetu anamaliza Julai. Kishikwambi ni mali ya shule na shule imesema kirudishwe. Mama yake hakujua kwamba programu huweza kutoa nakala ya kurasa zote, na kwamba anayo haki ya kuiomba kwa maandishi kabla kifaa hakijafutwa. Nilipomkuta alikuwa amekaa mezani na simu, anapiga picha ukurasa mmoja mmoja. Alikuwa amefika wa arobaini. Bibi alikuwa ameshika taa.