Kuongeza resori nyuma hakuongezi nguvu ya pikipiki



Leo sitaongea juu ya mbegu wala mbolea. Nitaongea juu ya resori. Wengi wetu tuliomaliza agronomia, hata wenzetu wa uchumi na wa ualimu, tunaingia katika biashara ya mazao. Tunanunua muhogo, mchele, ndizi na mafuta ya ngazi vijijini, tunaleta kando ya mto, balenyere inapeleka Kisangani. Kati ya shamba na mto kuna pikipiki. Na karibu kila mtu anayenunua pikipiki ya kazi anaambiwa: "Peleka kwanza kwa fundi, aongeze resori nyuma, itabeba zaidi." Neno hilo ni nusu ya kweli. Nusu iliyobaki inaangusha watu na inaozesha mazao. Tulieleze polepole.

Resori inabeba, mafuta yanatuliza

Robert Hooke, Mwingereza, aliandika mwaka 1678 kanuni tuliyosoma wote sekondari: ukizidisha uzito mara mbili, resori nayo inabonyea mara mbili. Kila resori iko na ugumu wake, yaani inahitaji kilo ngapi ili ibonyee sentimeta moja.

Lakini resori peke yake ingerukaruka bila kuacha. Njo maana ndani yake kuna bomba lenye mafuta yanayopita kwa nguvu kwenye vitundu vidogo. Mafuta hayo yanageuza mruko kuwa joto. Hapa kwetu vyote viwili tunaita amotisere, na ni hapo watu wanachanganya: wanabadilisha resori, wanasahau mafuta.

Mafundi wetu wanafanya nini?

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kukaza pete yenye meno iliyo chini ya resori. Haina bei, ufunguo tu. Lakini pete haifanyi resori kuwa ngumu zaidi. Inainua tu sehemu ya nyuma, ili ukipakia isilale sana.

Ya pili ni kuweka resori ya waya mnene. Hii inabadilisha ugumu kweli, na kuliko watu wanavyofikiri. Ugumu unafuata unene wa waya kwa kipeo cha 4. Ukitoka waya wa milimeta 8 na kuweka wa milimeta 9, mizunguko na upana vikibaki vilevile, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 60. Milimeta moja tu! Sasa mafuta yaleyale ya zamani yanatakiwa kutuliza resori kali zaidi. Hayawezi, na pikipiki inaruka kama mpira.

Ya tatu ni kuchomelea amotisere ya pili kila upande. Ugumu unakuwa mara mbili. Lakini bomba la shasi ni jembamba. Moto wa kuchomelea unadhoofisha chuma kilicho kando ya kiungo, na mara nyingi ufa unaanzia palepale.

Hesabu ya wenzo

Hapa njo penye shida kubwa. Chukua pikipiki ambayo kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma kuna sentimeta 125. Funga gunia la kilo 100 juu ya porbagaje, katikati ya gunia ikiwa sentimeta 25 nyuma ya mhimili wa gurudumu la nyuma. Gurudumu la nyuma linapata kilo ngapi? Si 100. Linapata 120. Zile 20 za ziada zimetoka mbele: gunia linainua gurudumu la mbele, kama watoto wawili kwenye ubao wa pembea.

Sasa ongeza pikipiki yenyewe na dereva. Tuseme pikipiki inaweka kilo 60 nyuma, na dereva 45. Jumla ni 225. Angalia ubavu wa tairi ya nyuma: baada ya vipimo kuna namba ndogo ya uwezo wa kubeba. Namba 50 maana yake kilo 190. Namba 56 maana yake kilo 224, tena upepo ukiwa umejaa inavyotakiwa. Kwa hiyo kwa gunia moja tu la kilo 100 lililofungwa vibaya, hata tairi ya 56 imeshapita mpaka wake. Na bado hatujagusa resori.

Resori dhaifu ingekuambia ukweli: nyuma ingelala, chuma kingegonga chuma, ungepunguza mzigo. Resori ngumu inaficha. Nyuma inasimama vizuri, macho yanaona pikipiki iko sawa, na mtu anaongeza bidoni mbili za mafuta. Freni ni zilezile, spoku ni zilezile, mnyororo ni uleule. Gurudumu la mbele limekuwa jepesi zaidi, usukani hausikii. Kwenye kilima au kwenye daraja la miti, hapo njo ajali inangoja. Jirani yangu mmoja alivunjika mguu namna hiyo. Pikipiki yake ilikuwa imetoka kuimarishwa, na resori haikuvunjika hata kidogo.

Hata wenye gari-nyumba wanajua hii

Labda umeona kwenye simu zile gari za Ulaya na Marekani zenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani. Wenyewe wako na shida ileile. Gari inabeba nyumba yake kila siku, na mizigo mingi inakaa nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kama kati ya magurudumu kuna mita 4, na umeweka kilo 100 mita 2 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma inapata 150 na ya mbele inapoteza 50. Ni hesabu yetu ileile.

Wao wanaongeza chuma bapa kwenye resori, kama malori yetu ya njia ya Bafwasende, au wanaweka mifuko ya mpira yenye upepo kati ya ekseli na shasi. Gari inainuka, inatulia barabarani. Lakini kuna kibao cha mtengenezaji kinachosema kila ekseli inabeba kilo ngapi, na mfuko wa upepo peke yake haubadilishi namba ile. Njo maana mwenye akili anapima kwanza kila ekseli kwenye mizani, halafu anaamua. Sisi tunaanza na kuchomelea.

Na mazao je?

Hapa naongea kama mtu wa agronomia. Resori ngumu kupita kiasi haimezi mashimo, inayapitisha kwenye mzigo. Muhogo mbichi ukichubuka au kupondeka, ndani ya siku 2 au 3 unaanza kuwa na mistari myeusi ndani. Ndizi nazo zinapondeka. Na balenyere haingoji muhogo wako, ni wewe unaingoja. Ukibeba gunia la ziada halafu sehemu ya mzigo ikakataliwa sokoni, faida iko wapi?

Basi tufanye hivi

Kwanza, pima. Mizani ya kununulia mazao tuko nayo tayari, tuitumie pia kwa mzigo wa pikipiki.

Pili, sogeza mzigo mbele na chini. Gunia lile la kilo 100, katikati yake ikiwa sentimeta 5 mbele ya mhimili wa nyuma, linaweka kilo 96 nyuma badala ya 120. Umeondoa kilo 24 bila kulipa fundi. Ligawe pande mbili, lining'inie pembeni kuliko kupanda juu.

Tatu, soma namba ya tairi na ujaze upepo.

Nne, kama amotisere inavuja mafuta, badilisha zote mbili kwa pamoja, pamoja na resori zake.

Tano, ukimaliza hayo yote na bado nyuma inalala na mzigo ulio ndani ya kipimo, hapo njo uweke resori ngumu kidogo. Itakusaidia kweli, juu ya kazi yake ni hiyo: kushika vizuri mzigo unaoruhusiwa.

Mzigo ukizidi, fanya safari mbili. Petroli ya safari ya pili iko na bei, najua. Piga hesabu yake kando ya bei ya mguu na ya gunia la muhogo mweusi, halafu uamue mwenyewe.