Mchezaji wa Kikapu Naye Alipwe Ujira Wake

Wasomaji wetu wa magharibi wamezoea kutuona tukinena juu ya pamba, tumbaku, mifugo na reli. Leo twaomba watuvumilie tukinena juu ya mpira wa kikapu. Wako watakaocheka, wakisema kwamba mchezo ni mchezo tu. Sisi twasema kwamba jambo likishakuwa kazi ya watu, wengine wakalila jasho na wengine wakalila faida, basi si mchezo tena, na yafaa litazamwe kwa haki kama kazi nyingine zote.

Mchezo huu haukuzaliwa kwa wakubwa. Uliasisiwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, Marekani, alipotafuta cha kuwashughulisha vijana wake ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya matunda ukutani, akaandika sheria 13, mchezo ukaanza. Hata leo mahitaji yake si mengi: uwanja wa mita 28 kwa mita 15, chuma cha duara kilichowekwa mita 3.05 juu ya ardhi, mpira mmoja, na watu watano kila upande. Eneo hilo ni dogo mno likilinganishwa na kiwanja cha kandanda. Shule ya kata kama za Choma cha Nkola, wilayani Igunga, ina ardhi ya kutosha kwa viwanja hivyo vitatu, na bado watoto wakabaki na mahali pa kupangia mstari asubuhi.

Wala hakuna awezaye kusema kwamba vipaji havipo. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kuucheza mpira huu akiwa na umri wa miaka kama 15, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili miongoni mwa chipukizi wote walioingia NBA mwaka ule. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Twajiuliza: kijana kama huyo angezaliwa Choma, nani angemwona? Tabora si mji mgeni katika mambo ya shule. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma hapo, kisha akafundisha hapo. Lakini mwanafunzi hucheza miaka michache tu, na akimaliza shule mpira wake humalizika pamoja na madaftari yake, kwa kuwa nje ya lango la shule hakuna ligi inayomngoja.

Majirani zetu hawakungoja. Mwaka 2019 Rwanda ilifungua Kigali jumba la michezo la watu wapatao 10,000. Mwaka 2021 Ligi ya Kikapu ya Afrika, iliyoundwa na shirikisho la dunia FIBA pamoja na NBA, ilianzia katika jumba hilohilo kwa klabu 12. Zamalek ya Misri ilitwaa kombe, na Patriots ya Rwanda ikafika nusu fainali. City Oilers ya Uganda ilicheza katika ligi hiyo mwaka 2023 na 2024, na Nairobi City Thunder ya Kenya ikaingia mwaka 2025. Katika misimu hiyo mitano ya mwanzo, hakuna klabu ya Tanzania iliyocheza. Klabu zetu za Dar es Salaam zilijaribu katika michezo ya mchujo, zikarudi.

Sababu moja twaiona wazi. Dar es Salaam ina ligi yake ambayo mashabiki huifuata jioni baada ya jioni, na klabu zake zina majina yanayojulikana. Lakini ligi ya taifa imepata kuendeshwa kwa timu kukusanyika katika mji mmoja, zikacheza siku chache mfululizo, kisha kila mtu akarudi kwao. Hayo ni mashindano mazuri, ila si ligi. Ligi ni timu kuwa na nyumba yake, na watu wa mji ule kujua kwamba Jumamosi fulani mgeni fulani anakuja. Bila nyumba hakuna shabiki. Bila shabiki hakuna kiingilio. Na bila kiingilio hakuna ujira. Timu inayocheza ugenini mwaka mzima ni kama mkulima anayelima shamba la jirani akitumaini kuvuna lake.

Basi twapendekeza ligi ya magharibi iliyo ya nusu kulipwa. Maana yake ni hii: mchezaji ana kazi yake ya mchana, awe mwalimu, fundi, karani au mkulima, na jioni anafanya mazoezi. Klabu haimlishi mwaka mzima, lakini kwa kila mchezo humlipa kiasi kilichoandikwa, humpa nauli na chakula, na humtibu akiumia. Ngazi hii ndiyo inayokosekana kati ya mchezo wa ridhaa na ule wa kulipwa. Mtu hawezi kuruka kutoka chini hadi darini pasipo ngazi, hata awe mrefu namna gani.

Watu wa Tabora hawahitaji kufundishwa maana ya mkataba wa safari. Reli ilipofika mji huu mwaka 1912, ilifuata njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameikanyaga miaka mingi, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Wapagazi wale hawakuwa watu wa kubebeshwa bure. Walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi wa kazi yao. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, mara nyingi kwa nguo, na posho yao ya njiani ilijulikana. Mzigo ulikuwa na kadiri yake, yapata kilo 30, na mwenye msafara aliyezidisha mzigo au kupunguza posho aliona jinsi mizigo inavyotuliwa chini na watu wakakaa kitako. Kirangozi alitangulia mbele, na heshima yake ilitokana na kuijua njia.

Twalikumbusha jambo hilo kwa sababu lina mafunzo. Mpagazi wa karne ya 19 alijua atapata nini akifika. Je, mchezaji wetu wa leo anajua? Vijana wengi huitwa kuchezea timu kwa maneno matamu: utapata kazi, utapata chumba, utaonekana. Huvunjika goti, na siku ya pili jina lake limefutwa katika orodha. Hana karatasi ya kuonyesha kwa mtu yeyote. Mama yake ndiye anayeuza mbuzi ili amtibu. Hili ndilo linalotuuma, kuliko kukosa kombe. Ligi itakayojengwa juu ya ahadi za mdomo haitajenga mchezo, itakula vijana.

Kwa hiyo twataka mambo manne yawe sharti kabla ya kipenga cha kwanza. Kwanza, kila mchezaji awe na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, hata kama ujira wake ni mdogo. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe sharti kionekane. Pili, fedha ya matibabu itengwe kabla ya fedha ya jezi. Tatu, timu za wanawake zianze siku ileile pamoja na za wanaume, zikilipwa kwa kanuni ileile, wala zisiambiwe zingoje. Nne, hesabu ya viingilio isomwe hadharani kila mwisho wa msimu.

Kuhusu umbali, hatuudharau. Magharibi ni pana. Lakini Tabora ni njia panda: reli moja yaenda Kigoma tangu 1914, na nyingine yaenda Mwanza tangu 1928, ikipita Shinyanga. Barabara nayo yaunganisha Nzega na Igunga. Timu ikisafiri mara moja icheze michezo miwili, Jumamosi na Jumapili, nauli itagawanyika. Miji sita yatosha kuanzia. Kata kama Choma haitakuwa na timu ya ligi mwaka wa kwanza, wala haina haja. Kazi yake ni kulea watoto na kupeleka walio bora Igunga, kwa mkataba, si kwa kunyakuliwa. Na kata iliyomlea mchezaji ipate fungu lake pale anaponunuliwa.

Yuko mzee atakayesimama mkutanoni aseme: “Vijana wangu, sisi twataka maji na dawa, nanyi mwatuletea chuma cha duara?” Mzee huyo ana haki, nasi twamheshimu. Shilingi ya zahanati isiguswe. Klabu na ijitegemee kwa viingilio, kwa michango ya wafanyabiashara wa miji na ya vyama vya ushirika vinavyotaka majina yao yaonekane, na halmashauri itoe kile ilicho nacho tayari, yaani ardhi na ulinzi. Ikiwa timu haiwezi kuishi kwa njia hizo, afadhali ibaki ya ridhaa na iseme hivyo waziwazi, kuliko kujiita ya kulipwa huku haimlipi mtu.

Mwaka 2023 Tabora ilipata timu ya kandanda ya ligi kuu kwa njia ya mkato: klabu ya Kitayosce ilipanda daraja, ikageuzwa kuwa Tabora United. Mji ulishangilia, na haki yake kushangilia. Lakini kinachonunuliwa leo chaweza kuuzwa kesho. Kilicholelewa shuleni, kikachezewa na watoto wa mji, kikalipwa kwa viingilio vya mji, hicho hakina mnunuzi wa kukihamisha. Viongozi wa kikapu wa mikoa ya magharibi na waketi meza moja, waandike kwanza mkataba wa mchezaji, kisha ndipo waandike ratiba.